Kukuna nazi kwa mbuzi siku moyo ukiwa mzito: mwongozo kwa aliyefundishwa utotoni akasahau

Kila Ramadhani ikikaribia, maswali ni yale yale. Binti wa dada yangu aliyeolewa Nairobi ataka kujua mbona tui lake lakatika. Kijana wa jirani anayesoma bara auliza mbona nazi yake yatoka na vipande vya kahawia. Na siku hizi kuna swali jengine, ambalo huja usiku na huulizwa kwa sauti ya chini: "Mama mdogo, ile kazi uliyosema ilikutuliza, niifanye vipi?" Nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Mimi nilifundishwa kukuna nazi na bibi yangu hapa Lamu, mtaa wa Langoni, nikiwa na miaka 7. Nilikuna kwa miaka mingi, kisha nikaacha. Mwenye duka sokoni alinunua mashine ya kukunia, ukimpa nazi na shilingi chache akupa chicha, yaani nazi iliyokwisha kukunwa, tayari ndani ya mfuko, na mbuzi ya bibi, kile kibao cha kukalia chenye chuma cha meno cha kukunia, ikabaki nyuma ya mlango wa jikoni.

Nilipofiwa na mume wangu nikakaa eda, miezi 4 na siku 10. Jamaa na majirani walinifanyia kila kitu. Chakula kililetwa kimepikwa, nguo zilifuliwa, hata kikombe sikuachiwa nikioshe. Yalikuwa mapenzi, na nawaombea kheri mpaka leo. Lakini mikono ikikosa kazi, kichwa ndicho hufanya kazi yote. Wiki ya tatu nikamwomba wifi yangu aniletee ile mbuzi, na nazi moja. Alinitazama sana, kisha akaleta. Nikaketi nikakuna. Sikulia wala sikufurahi. Ila kwa muda wa nazi ile moja, kama dakika 20 hivi, kila nilichomaliza nilijua kinachofuata. Usiku ule nililala.

Kwa hiyo haya ni maelezo ya kukuna nazi na kukamua tui, hatua kwa hatua, kwa mtu anayetaka kuifanya kazi hii jinsi alivyoifanya utotoni. Kama kwenu kazi yenu ilikuwa kusuka ukili au kuchagua mchele kwenye uteo, mengi ya humu yatakufaa vile vile. Ila kama hujalala wala kula vizuri kwa wiki nyingi, nenda hospitali ukaonane na daktari, na nazi uikune pia. Hivi viwili havizuiani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mbuzi. Iwe ya zamani ukiipata. Zile za kukunja zinazochongwa na maseremala wa huku Lamu hukaa miaka na miaka, mbao zake zikishakuwa laini kwa kukaliwa. Angalia chuma: kisitikisike, kisiwe na kutu, na meno yawe yametimia. Huna? Azima kwa shangazi au kwa jirani. Watu hufurahi kuombwa kitu hiki.
- Nazi 2, hata kama mapishi yako yataka moja. Sababu utaiona hatua ya tatu.
- Panga, au kisu kizito chenye mgongo mnene.
- Sinia pana ya kupokea chicha, na mabakuli 3.
- Kifumbu cha kukamulia. Kama huna, kitambaa safi cha melimeli kitafaa. Chujio la chai lina matundu makubwa, litapitisha chicha.
- Maji vuguvugu, kama vikombe 3.
- Leso kuukuu ya kujifunga kiunoni.
- Jambo la kupika. Amua mapema: ni wali, ni mbaazi, ni samaki wa kupaka? Nilijaribu siku moja kukuna bila ya kuwa na chungu kinachonisubiri, nikaachia njiani. Mikono ilijua kwamba ni mchezo.

Kuchagua nazi

Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya malalamiko ninayoletewa huanzia sokoni.

Nazi ya tui ni ile iliyokomaa kabisa, ambayo imekaa juu ya mnazi karibu mwaka mzima tangu ua. Dafu halina tui, nyama yake yachoteka kwa kijiko. Koroma nayo imeshika nyama lakini bado haina mafuta ya kutosha, na tui lake huwa la maji maji hata ukamue vipi. Wauzaji wa Lamu na wa Malindi hawakupi koroma ukiwaambia wataka nazi ya kupikia, lakini huko bara muuzaji mwenyewe huenda hajui tofauti.

Ishike mkononi. Iwe nzito kuliko unavyoitarajia kwa macho. Itikise karibu na sikio: maji yacheze, yatoe sauti nyepesi. Nazi isiyo na sauti ya maji ama imepasuka, ama imeanza kuota na ndani yake kuna joya, lile bonge laini kama sifongo. Joya ni tamu, watoto hulipigania, lakini nazi yenye joya kubwa imeshapunguza nyama yake. Kisha tazama yale matundu matatu kichwani, ambayo sisi Waamu twayaita mato ya nazi. Yawe makavu. Yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe.

Bibi hakununua nazi bila ya kuinusa pale kwenye mato. Nilikuwa naona haya akifanya hivyo mbele ya watu. Sasa nafanya mimi.

Hatua za kazi

1. Weka simu chumba kingine. Iache huko, hata kama haitoi sauti. Ukiwa nayo karibu utaishika kwa mkono wenye mafuta ya nazi, utasoma ujumbe mmoja, na kazi itakuwa imekatika kabla ya tui kukatika.

2. Chagua mahali. Kama wakumbuka mahali ambapo kazi hii ilifanywa kwenu, tafuta panapofanana. Jikoni kwetu ni juu, chini ya makuti, na kusi ikivuma hupita upande mmoja ikatokea wa pili. Wengine kwao ilikuwa kiwandani, ule uwazi wa ndani ya nyumba, wengine uani chini ya mwembe. Ukiwa kwenye fleti, kaa karibu na dirisha lililo wazi. Kaa chini, sakafuni, hata kama una meza. Mbuzi haikutengenezewa meza.

3. Vunja nazi. Ishike kwa mkono wa kushoto, mato yakiangalia pembeni, juu ya bakuli. Piga kwa mgongo wa panga katikati ya tumbo la nazi, zungusha kidogo, piga tena. Usitumie nguvu zako zote. Mapigo matano au sita yaliyo kwenye mstari mmoja huifungua nazi ikawa vifuu viwili vilivyo sawa, na maji yakaingia bakulini.

   Onyo: usipige kwa upande wenye makali. Panga huteleza juu ya kifuu, na mkono wa kushoto ndio unaosubiri. Nimeona kidole kikishonwa kwa ajili hii.

   Nusa, onja maji. Yawe matamu au hata chapwa, si neno. Yakiwa na uchachu au harufu ya mafuta yaliyooza, tupa yote na ufungue ile ya pili. Usichanganye chicha ya nazi mbili kabla ya kuonja kila moja. Wazee waliposema *nazi mbovu harabu ya nzima*, walikuwa wamepoteza sufuria nzima ya wali.

4. Keti. Jifunge leso, kaa juu ya mbuzi, sinia iwe chini ya chuma. Wako wanaokaa kwa kuipanda mbuzi, mguu huku na mguu huku. Bibi alinifundisha kukaa upande, miguu yote pamoja, na uzito wangu ukandamize kiti kisisogee. Kaa ulivyofundishwa wewe. Kama hukufundishwa, jaribu namna zote mbili na mgongo wako utachagua. Kabla ya kuanza, angalia kama mbuzi yatikisika. Ikitikisika, weka kitambaa kilichokunjwa chini ya mguu wake.

5. Kuna, ukianzia ukingoni. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hushika kifuu wakaenda moja kwa moja katikati, wakachimba shimo. Anza pembeni, pale nyama inapokutana na mdomo wa kifuu. Mikono yote miwili juu ya kifuu, viganja nyuma, vidole mbali na ukingo. Vuta kuelekea chini kwa miondoko mifupi. Mara tatu, zungusha kidogo. Mara tatu, zungusha. Ukimaliza mzunguko mmoja, ingia ndani kidogo, uzunguke tena, mpaka ufike kitovu.

   Sikiliza. Nyama ikiwa nene, meno ya mbuzi hutoa sauti nzito, laini, kama mtu anayetembea juu ya mchanga mbichi. Ukikaribia ganda, sauti hupanda, ikawa kavu, na kifuu chenyewe hutetemeka kwenye viganja. Hapo ondoka, hamia pengine. Ndiyo jibu la yule kijana wa vipande vya kahawia: alikuwa akikuna kwa macho, na kufikia wakati jicho linaona kahawia, ganda limeshaingia kwenye sinia. Bibi alikuna gizani umeme ukiwa umezimika, na chicha yake ilikuwa nyeupe kama ya mchana.

   Mara chache za mwanzo utakuwa mzito, na mabega yatauma. Punguza nguvu. Nazi iliyokomaa haitaki kulazimishwa, na meno yakiwa makali yatafanya kazi yenyewe.

6. Mawazo yakija, yaache yaje. Huu ndio ule upande unaoulizwa usiku. Usijaribu kusahau lolote. Wewe rudi kwenye hesabu ya tatu na kuzungusha. Bibi alikuwa akikuna midomo yake ikicheza, na nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua alikuwa akimtaja Mola kwa kila mvuto. Nami hufanya hivyo. Wewe waweza kuhesabu, waweza kuimba zile nyimbo za kubembeleza watoto, waweza kunyamaza. Ukijikuta umekuna robo nzima bila kujua ulikuwa ukiwaza nini, usijilaumu kwa kutokuwa makini. Mikono ilikuwa makini.

   Ila usizungumze na mtu aliye nyuma yako. Ukigeuza shingo, kifuu nacho hugeuka, na kifundo cha kidole hupita kwenye meno. Kama kuna mtu wa kuzungumza naye, akae mbele yako, achague mchele.

7. Kamua tui la kwanza. Mimina maji vuguvugu juu ya chicha, yasizidi kikombe kimoja kwa nazi moja. Fikicha kwa mikono, hesabu mpaka mia moja, bila haraka. Utaona maji yanageuka meupe, kisha mazito, na vidole vinateleza. Tia kwenye kifumbu, kamua kwa nguvu juu ya bakuli safi. Hili ndilo kasimile, tui zito. Liweke kando, lifunike.

   Maji yawe ya uvuguvugu wa kuogea mtoto. Ukitumia ya moto sana utaungua, utakamua juu juu, na mafuta yatabaki ndani ya chicha. Ukitumia ya baridi hayatatoka. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Huku Lamu hatuna habari nayo, lakini Nairobi mwezi wa Julai utakamua mpaka uchoke ukiwa na maji ya bomba.

8. Kamua la pili. Rudisha chicha kwenye bakuli, tia maji vikombe viwili, fikicha, kamua kwenye bakuli jengine. Hili ni tui jepesi, la kuchemshia. Usichanganye mabakuli hayo mawili. Chicha iliyobaki wape kuku. Kama huna kuku, muulize jirani.

9. Pika ulichoamua. Kwa wali, nazi moja yatosha mchele wa nusu kilo. Chemsha tui jepesi na chumvi, tia mchele uliooshwa. Maji yakikaribia kukauka mimina kasimile, geuza mara moja tu, funika. Kama una jiko la makaa, punguza moto chini na upalie juu ya kifuniko. Kwa mbaazi na samaki mpango ni huo huo: jepesi mwanzo, kasimile mwisho.

10. Osha mbuzi papo hapo. Maji na brashi, upande wa chuma tu, kisha ukipanguse kikauke na upake tone la mafuta ya nazi. Chicha ikikaukia kwenye meno haitoki, na kutu huanzia hapo. Ikunje, iweke mahali ambapo mtoto hawezi kuikalia.

Matatizo yanayojitokeza

*Tui limekatika kwenye mchuzi au mbaazi.* Moto ulikuwa mkali, au ulifunika sufuria, au ulitia ndimu mapema. Kasimile likiingia, moto uwe mdogo na upawa usitulie: chota, inua, mimina, mpaka lianze kuchemka kwa upole. Ndimu au ukwaju utie tui likishatulia. Lililokatika laliwa vile vile, mafuta yameachana na maji tu. Usilitupe.

*Tui ni jepesi hata la kwanza.* Nazi ni changa, au maji yamezidi, au hukufikicha vya kutosha. Mara inayofuata anza na nusu kikombe cha maji.

*Chicha yatoka mabonge.* Meno ya mbuzi ni butu. Fundi yeyote anayenoa misumeno atayanoa kwa tupa. Sema anoe ncha za meno peke yake, asiguse ubapa.

*Nazi haivunjiki.* Wapiga mahali tofauti kila mara. Rudi kwenye mstari mmoja.

*Tui limelala likachacha.* Kwa joto la pwani tui bichi halikai zaidi ya saa chache. Kamua la leo, pika leo. Kwenye friji litakaa mpaka kesho, na utalikuta limeganda juu kama siagi. Liache nje au lipashe polepole, litarudi.

*Paka.* Aishiye Lamu ajua. Funika sinia unapoinuka, hata kama wafuata maji tu.

*Je, naweza kutumia blenda?* Waweza, tui litapatikana, na siku za wageni mimi mwenyewe hutumia mashine ya dukani. Lakini kama umekuja kwenye ukurasa huu kwa sababu ya lile swali la usiku, blenda humaliza kazi kwa dakika moja, na wewe ulihitaji zile 20.

*Nimekuna, na sijaona tofauti.* Mara ya kwanza huenda usione. Mimi nilikuna nazi moja kila siku baada ya sala ya alasiri, kwa eda yote iliyobakia. Siku nyengine ilikuwa nazi tu. Wifi yangu akawa analeta mchele wake, anakaa mbele yangu anauchagua, na kufikia mwezi wa tatu tukaanza kumzungumza marehemu, ndugu yake, jinsi alivyokuwa akipenda ukoko wa wali kuliko wali wenyewe. Weka saa moja maalumu ya siku na uishike kwa wiki mbili kabla ya kuamua.

*Machozi yamenijia katikati ya kazi.* Hutokea sana, hasa harufu ya chicha mbichi ikipanda, maana ndiyo harufu ya mikono ya waliotufundisha. Simamisha kifuu. Sogeza sinia isiingie machozi, uifunike kwa sababu ya paka. Lia mpaka yaishe. Kisha nawa kwa maji baridi, futa viganja vikauke kabisa visiteleze, keti tena juu ya mbuzi, na uanze pale pale kwenye ukingo ulipoachia.